DAPI inajuaje DNA ilipo, na mwanga wa hadubini unaharibu nini?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma baiolojia, mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Juzi maabara tulipaka DAPI, rangi inayong'aa ikishika DNA, kwenye slaidi za ncha za mizizi ya kitunguu. Kromosomu ziling'aa bluu safi, lakini pembeni yake palikuwa giza ingawa rangi ilitapakaa slaidi nzima. Baada ya dakika chache zikaanza kufifia. Nilipobadili kwenda chujio la kijani, nikaona viini vilevile vina kijani hafifu, na hatukuweka rangi yoyote ya kijani. Je, DAPI inajuaje DNA ilipo? Na ule mwanga unaharibu nini hasa, rangi au DNA yenyewe?"

Jibu:

Marahaba. Maswali yako yanaonekana matatu lakini mzizi wake ni mmoja, kwa hiyo naomba tuanzie pale penye giza. Wanafunzi wengi huvutiwa na kromosomu zinazong'aa wakalipita giza bila kuliuliza kitu. Wewe umeliuliza, na jibu lote linaanzia hapo.

Pale penye giza DAPI ipo. Imo kwenye maji yaliyobaki chini ya kioo cha kufunikia, imo kwenye kuta za seli, imo kila mahali. Mwanga nao unaifikia sawasawa na unavyoifikia ile iliyoshika kromosomu, na rangi inaumeza. Tofauti iko kwenye yanayofuata baada ya kuumeza.

Taa ya hadubini yenu, iwe ya zebaki au ya LED, inatoa miale ya urujuanimno, yaani UV, ya nanomita kama 365. DAPI iliyoshika DNA hupendelea zaidi nanomita 358, kwa hiyo zinaoana vizuri. Fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, ikimezwa na molekuli ya DAPI, elektroni hupanda ngazi ya juu ya nishati. Tendo hilo humalizika ndani ya femtosekunde chache, na femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kisha molekuli hutikisika, humwaga nishati kidogo kama joto, na hutulia chini kabisa ya ile ngazi ya juu. Hapo hukaa nanosekunde chache, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Katika nanosekunde 4 mwanga wenyewe husafiri mita 1.2 tu, lakini kwa molekuli huo ni muda mrefu, na mengi yanaweza kuipata.

Nishati iliyobaki lazima itoke, na nyumba hii ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Ikitoka kwa mlango wa mbele, inatoka kama fotoni mpya na wewe unaona bluu. Ikichepuka uani, inaishia kuwa joto na hakuna anayeiona. DAPI ikiwa peke yake ndani ya maji, mlango wa uani uko wazi muda wote: molekuli inajipindapinda, maji yaliyoizunguka yanashikana nayo na kubadilishana nayo protoni, na sehemu kubwa ya nishati inapotea kabla fotoni haijatoka. Ikishika DNA, inabanwa mahali pembamba, haiwezi kujipinda, na maji yanasukumwa pembeni. Uani pamefungwa. Mng'ao huongezeka mara 20 hivi. Giza uliloliona ni DAPI inayopoteza nishati yake kwa maji.

Kwa hiyo, tukiongea kwa uangalifu, DAPI haijui DNA ilipo. Ingekuwa inajua isingedanganywa na sabuni. Maabara zinatumia sabuni iitwayo SDS kuvunja utando wa seli. Itie kwenye maji yenye DAPI bila DNA hata chembe, na DAPI itang'aa, kwa sababu sabuni nayo inaificha isiguswe na maji. Hivyohivyo, ndani ya hamira kuna minyororo ya fosfeti ambayo DAPI ikiishika hung'aa, ila mng'ao wake unaelekea njano. Nakuomba ulijaribu hili kwa mikono yako. Chukua mirija midogo mitatu yenye bafa na DAPI, mikrogramu 1 kwa mililita. Wa kwanza uache hivyohivyo, wa pili tia DNA safi kidogo, wa tatu tia tone la SDS. Zimeni taa za chumba, vaa miwani ya kinga, mulika kwa tochi ya UV ya nanomita 365. Ukishauona ule mrija wa tatu unang'aa, hutaamini tena kila doa la bluu kwa sababu tu ni bluu, na utaelewa kwa nini mwalimu wenu anasisitiza kusuuza slaidi.

Kuhusu ile bluu yenyewe: mwanga ulioingia ni wa nanomita 358, unaotoka ni wa 461. Wimbi likirefuka nishati inapungua, na hapa zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya nishati imebaki njiani kama joto, katika ule mtikisiko wa mwanzo. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha hadubini kufanya kazi. Ndani yake kuna kioo kilichokaa mshazari ambacho huakisi UV kuelekea kwenye slaidi lakini hupitisha bluu inayorudi kuelekea kwenye jicho lako. Rangi mbili zingekuwa sawa, usingeweza kuzitenganisha, na mwanga wa taa ungeumeza mng'ao wote wa kromosomu.

Aliyelieleza hili vizuri kwanza ni George Gabriel Stokes, huko Cambridge, mwaka 1852. Alichukua mmumunyo wa kwinini, akautembeza polepole ndani ya mwanga wa jua uliotawanywa kwa mche wa kioo. Kwenye nyekundu hakuna kitu, kwenye kijani hakuna kitu, alipofika ukingoni mwa zambarau ukaanza kuwaka bluu, na alipousogeza hadi pale ambapo jicho halioni mwanga wowote, bado uliwaka. Mwanga usioonekana ulikuwa unageuzwa kuwa unaoonekana. Stokes ndiye aliyelipa jambo hili jina la fluoresensi. Ukiwa na kinywaji cha toniki chenye kwinini, kimulike kwa ile tochi yako gizani, utaona alichokiona.

Nimeitaja kwinini makusudi. Tutarudi kwenye dawa, maana rangi hizi na dawa za magonjwa yetu ni ndugu wa damu.

Sasa mahali DAPI inapokaa. DNA ni ngazi iliyosokotwa, upana wake nanomita 2, na msokoto unaacha mifereji miwili nje yake: mmoja mpana, mmoja mwembamba. DAPI ni molekuli bapa iliyopinda kidogo kama mwezi mwandamo, na miisho yake yote miwili ina chaji chanya. Uti wa DNA una fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo mvuto upo tangu mwanzo. Inaingia kwenye mfereji mwembamba na kulala humo, ikichukua urefu wa jozi tatu au nne za besi, yaani vidato vya ile ngazi. Lakini haikai popote. Penye jozi za adenini na thimini, A na T, sakafu ya mfereji ni tambarare na DAPI inatulia vizuri. Penye guanini, kuna kikundi cha amino kinachochomoza ndani ya mfereji kama kisiki njiani, nayo haikai vizuri. Ndiyo maana kromosomu zilizopakwa DAPI haziwi na mng'ao ulio sawa kila mahali. Panya wa maabara anaonyesha hili waziwazi kuliko kiumbe chochote nilichokiangalia: ndani ya kiini chake kuna madoa kadhaa yanayowaka sana, na kila doa ni mkusanyiko wa DNA inayojirudiarudia iliyojaa A na T.

Kuna jambo moja wanafunzi wanalichanganya hapa. Kromosomu iliyojikunja tayari kwa seli kugawanyika inang'aa kuliko kiini kilichotulia, na wengi wanafikiri rangi imeshika kwa nguvu zaidi. Hapana, ni kwamba DNA nyingi imebanwa mahali padogo. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi karibu milioni 249. Ukiinyoosha DNA yake inafika sentimita 8 na nusu hivi, lakini wakati wa kugawanyika inabanwa ikawa na urefu wa mikromita chache. Ukijumlisha mng'ao wa kiini kizima badala ya kuangalia ukali wake, utakuta seli iliyokwisha kurudufu DNA yake ina mng'ao mara mbili ya ile ambayo haijarudufu. Mashine zinazopima seli moja moja zikipita kwenye mwanga zinategemea hesabu hiyohiyo.

Habari ya A na T inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyotufungulia mlango wa kuzisoma kromosomu. Mwaka 1956 watafiti Tjio na Levan, kule Lund, Sweden, walitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46. Kuzihesabu kuliwezekana, kuzitofautisha zote ilikuwa shida, kwa kuwa nyingi zinalingana urefu na umbo. Kisha Torbjörn Caspersson na Lore Zech, huko Stockholm, wakajaribu rangi iliyotokana na kwinakrini. Kwinakrini ni dawa ya malaria. Askari wa Vita Kuu ya Pili waliimeza hadi ngozi zao zikageuka njano. Kufikia mwaka 1970 timu yao ilikuwa imeonyesha kwamba kromosomu za binadamu zikipakwa rangi hiyo na kumulikwa hutoa mistari, mahali pamewaka na mahali pamefifia, na kila kromosomu ina mpangilio wake. Kromosomu Y ndiyo iliyoshangaza zaidi: ncha ya mkono wake mrefu iliwaka kiasi kwamba ungeweza kuiona kama nukta hata ndani ya kiini kilichotulia.

Cha kuvutia ni kwamba kwinakrini haichagui mahali pa kukaa kama DAPI. Inajipenyeza kati ya besi karibu popote. Lakini ikikaa jirani na guanini, guanini huinyang'anya nafasi ya kutoa mwanga: elektroni inahama, nishati inatoka kwa mlango wa uani, mng'ao unazimika. Ikizungukwa na A na T, inawaka. DAPI inaonyesha A na T kwa kuchagua makazi; kwinakrini inaonyesha A na T kwa sababu ya majirani. Ndiyo maana mtu akiniuliza "rangi hii inashika nini?" humwambia hilo ni nusu ya swali. Lazima pia aulize inang'aa wapi kati ya pale ilipokwisha kushika.

Mistari hiyo ilileta jibu la jambo lililoanzia huku kwetu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto wa Uganda, saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ndani ya seli kumeharibika nini. Mwaka 1972 watafiti Manolov na Manolova, wakiwa Sweden, waliangalia kromosomu za seli za saratani hiyo kwa rangi hizi zinazong'aa, wakakuta mstari wa ziada mwishoni mwa kromosomu 14 moja. Mstari mmoja tu usiopaswa kuwepo. Mwaka 1976 Zech na wenzake wakaonyesha umetoka wapi: kipande cha kromosomu 8 kimekatika na kuhamia kwenye 14. Miaka michache baadaye, 1982, ikajulikana kwamba kwenye kipande hicho cha kromosomu 8 kuna jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli kukua, na kwamba kwa kuhamia 14 imekaa karibu na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo kwenye seli hizo za damu hazilali. Nikifundisha somo hili sipiti hapa haraka. Tangu kwenye taya la mtoto hadi kwenye jeni, hatua iliyounganisha vile viwili ilikuwa mstari uliowaka mahali pasipo pake.

Turudi kwenye dawa. DAPI ilitengenezwa mwaka 1971 kwenye maabara ya Otto Dann, Ujerumani, na lengo halikuwa hadubini. Walikuwa wanatafuta dawa ya tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, vinavyoleta malale kwa watu na ndorobo kwa ng'ombe. Haikuwa dawa iliyofaa, lakini mng'ao wake ulionekana, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 watu walikuwa wanaitumia kuangalia DNA. Ndugu yake mfugaji yeyote wa huku anamfahamu: Berenil, ile poda ya njano inayochanganywa na maji na kuchomwa ng'ombe mwenye ndorobo. Berenil nayo inalala kwenye mfereji mwembamba penye A na T. Tripanosoma ana DNA ya pekee nje ya kiini, rundo la vipete vidogo vilivyofungamana kama mnyororo, vimejaa A na T. Mpake tripanosoma DAPI utaona nukta mbili za bluu, kubwa ya kiini na ndogo kali ya lile rundo.

Na ethidiumu, ile inayotumika kwenye maabara nyingi kuonyesha DNA kwenye jeli kwa rangi ya chungwa? Ng'ombe wa Afrika wamechomwa ethidiumu hiyohiyo tangu miaka ya 1950, kwa jina la homidiumu, dhidi ya ndorobo. Yenyewe hailali kwenye mfereji. Inajipenyeza katikati ya ngazi, bapa kati ya jozi mbili za besi, kama karatasi inayochomekwa kati ya kurasa. Leonard Lerman ndiye aliyependekeza namna hii ya kushika, mwaka 1961, akitumia rangi za jamii ya akridini. Kila molekuli ya ethidiumu inayoingia huirefusha DNA kwa nanomita 0.34 na kuulegeza msokoto kwa nyuzi 26. Ikiwa ndani ya maji, nishati yake hudumu nanosekunde 1.8 tu kabla ya kuchepuka, kwa sababu inawapa maji protoni. Ikiwa imebanwa kati ya besi, hudumu kama nanosekunde 22. Molekuli ileile, taa ileile. Kilichobadilika ni kwamba maji hayaifikii.

Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu glavu. Kilichoshika DNA ya kitunguu hakina sababu ya kuiacha yako. Hoechst, jamaa wa DAPI, hupenya utando wa seli hai bila kubisha hodi. Propidiumu, jamaa wa ethidiumu, haipenyi seli hai, ndiyo maana hutumika kutambua zilizokufa, lakini hilo lisikufanye uishike kwa mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye kufifia, na nitaanza na lililonikuta. Nikiwa mwanafunzi nilihangaika siku tatu kupata seli moja ya kitunguu yenye kromosomu zake zote 16 zimetawanyika bila kulaliana. Nilipoipata nikafurahi, nikaacha taa imewaka, nikaenda kuwaita wenzangu watatu waje waone. Wa kwanza aliona. Wa pili akasema "ni hafifu kidogo." Wa tatu aliona giza. Sikuwa nimepiga picha.

Kilichotokea ni hiki. Kati ya mizunguko mingi ya kumeza na kutoa mwanga, mara chache elektroni huteleza ikaangukia hali nyingine ya kati, ambamo hukwama kwa mikrosekunde, hata milisekunde, badala ya nanosekunde. Huo ni muda mrefu mno kwa molekuli kukaa na nishati mkononi. Oksijeni iliyoyeyuka ikipita, huipokea nishati hiyo na kugeuka oksijeni kali inayoshambulia chochote kilicho karibu, na kilicho karibu zaidi ni rangi yenyewe. Muundo wake ukishavunjika haimezi mwanga tena. Kila molekuli ina akiba ya fotoni inazoweza kutoa katika uhai wake, na akiba hiyo inatumika iwe unatazama au umeenda kuwaita wenzako.

Kile kijani ulichokiona kina maelezo yake, na nimefurahi ulikitambua badala ya kukipuuza. Sehemu ya DAPI inayopigwa na UV haifi moja kwa moja. Inageuka kuwa molekuli nyingine, ambayo humeza mwanga wa bluu na kutoa kijani. Jambo hili limeonyeshwa kwa DAPI na kwa Hoechst pia. Kwa anayetafuta alama ya kijani ya protini au ya kipande fulani cha DNA, huu ni mtego mbaya: anatazama bluu kwanza, anabadili chujio, anaona kijani mahali palepale na kutangaza kwamba protini yake iko kwenye kiini, wakati kijani hicho amekitengeneza mwenyewe kwa taa.

Unaweza kulithibitisha kwa slaidi mliyobaki nayo. Nenda sehemu ambayo haijawahi kumulikwa UV na uitazame kwa chujio la kijani kwanza. Ikiwa giza, au ina ung'avu hafifu tu wa kuta za seli ambao mimea huwa nao yenyewe, badili kwenda UV, hesabu dakika mbili, kisha rudi kijani. Halafu sogeza slaidi kidogo upande, ili nusu ya uwanja wako iwe sehemu iliyomulikwa na nusu isiyomulikwa. Kama maelezo yangu ni sahihi kwa slaidi yenu, utaona ukingo wa duara: viini vya ndani ya duara vina kijani, vya nje havina. Kama viini vina kijani pande zote mbili sawasawa, basi chanzo ni kingine, labda chujio limechakaa au rangi imechanganyika, na tuanze upya.

Na DNA yenyewe? Kitunguu cha slaidi kimekufa na kimehifadhiwa kwa kilevi na asidi ya asetiki, kwa hiyo kwako kinachopotea machoni ni rangi. Lakini swali ni zuri kwa seli hai, na jibu lake linashangaza wengi. DNA ikiwa peke yake humeza mwanga wa nanomita kama 260, na wa 358 karibu haigusi kabisa. Hata ule wa 260 inaoumeza, besi zake zina mlango wa uani mpana kupita zote tulizozitaja: nishati inakuwa joto ndani ya chini ya pikosekunde moja, ambayo ni nanosekunde iliyogawanywa mara elfu, yaani kabla nafasi kubwa ya madhara haijapatikana. Ndiyo maana DNA yenyewe karibu haing'ai, na ndiyo maana tunalazimika kuipaka rangi. Mara chache nishati huwahi kuunganisha thimini mbili zilizo jirani, na hilo ndilo dhara linalojulikana la jua kwenye ngozi.

Ukishaweka rangi, hali inageuka. Umechukua molekuli inayomeza nanomita 358 kwa hamu, ukaibandika juu ya DNA, kisha ukaimulika. Ile oksijeni kali inazaliwa pua kwa pua na uti wa DNA. Seli hai yenye Hoechst ikimulikwa kwa UV au leza ya nanomita 405, DNA yake hukatika, na watafiti wanaochunguza jinsi seli inavyokarabati DNA huitumia mbinu hiyo makusudi: wanapaka Hoechst, wanachora mstari wa leza kwenye kiini, kisha wanaangalia protini za ukarabati zikikimbilia kwenye mstari huo. Kwa hiyo ukija kufuatilia seli hai zikigawanyika, na ukaona zimesimama katikati ya safari, usiilaumu seli kabla hujapima umeimulika kiasi gani.

Kwa slaidi zenu za kitunguu, nishauri hivi. Ncha za mizizi zikatwe changa, sentimita 1 hivi, na zikikaa kwenye kolkisini, kemikali inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, kwanza mtapata kromosomu nyingi zilizosimama tayari kuhesabiwa. Baada ya kuweka DAPI kwa dakika 10 gizani, suuzeni, kisha funikeni kwa gliserini yenye DABCO, kemikali ya kuzuia kufifia, badala ya maji. Gliserini hupunguza mwendo wa oksijeni, na DABCO huimaliza ile kali kabla haijafika kwenye rangi. Tafuta seli yako kwa mwanga wa kawaida wa chini, si kwa UV. Kromosomu za kitunguu ni kubwa, ukipunguza uwazi wa kondensa, ile lenzi iliyo chini ya slaidi, utaziona vizuri tu. Weka chujio la kupunguza makali ya taa. Fungua UV pale kamera ikiwa tayari, piga picha, funga. Kama kuna rangi nyingine ya kijani au nyekundu kwenye slaidi, hizo zipigwe kwanza na DAPI iwe ya mwisho. Utaratibu huu wa kuanza na mawimbi marefu na kumalizia UV umeniokolea slaidi nyingi kuliko kemikali yoyote niliyonunua.

Ukishafanya lile jaribio la duara, piga picha mbili za kijani, moja kabla ya UV na moja baada, kwa muda uleule wa kamera, uniandikie ulichokiona ukingoni.